Majibu ya damu ya baba baada ya kuwekewa stenti: namba ipi ya kuogopa?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa pili katika familia ya watoto wanne, na ndiye ninayeishi na wazazi wetu hapa Tanga. Baba ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 64, na ni mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu. Kwa miezi mingi alikuwa akibanwa na kifua kila anapopanda ngazi au kutembea kwa haraka, na maumivu yakawa yanatulia akipumzika. Alipelekwa Dar es Salaam, akapigwa picha ya mishipa ya moyo, akakutwa na mshipa mkubwa wa upande wa kushoto uliokuwa umebanwa sana, akazibuliwa kwa upasuaji wa tundu dogo kupitia kifundo cha mkono na kuwekewa stenti mbili, yaani vibomba vya kuuweka mshipa wazi. Hakuwahi kupata shambulio la moyo. Siku ya tatu aliruhusiwa kurudi nyumbani, na tangu hapo kifua hakijambana tena hata akitembea kwenda msikitini na kurudi.

Shida yetu, Daktari, imeanzia kwenye makaratasi. Kaka yetu mkubwa, anayefanya kazi Muscat, aliomba tumtumie picha za majibu yote ya damu kwa simu. Kabla ya upasuaji troponini T, kipimo cha jeraha la moyo, ilikuwa 9 na kikomo kilichochapishwa ni 14, lakini asubuhi iliyofuata ilikuwa 61. Kreatinini, kipimo cha figo, ilikuwa 98, ikafika 119. CRP, kipimo cha maambukizi au jeraha mwilini, ilikuwa 2.4, ikawa 12. Kaka anasema moyo wa baba uliumizwa mezani, figo zimeanza kufa, na hospitali haikutuambia lolote. Siku ya tano tulimpeleka baba kwenye maabara binafsi ya hapa, tukarudi na troponini I ya 0.03, kreatinini ya 1.3 na CRP ya 19. Sasa kaka anasema moja kati ya maabara hizo mbili ina mashine mbovu, kwa sababu hakuna kitu kinachoshuka kutoka 61 hadi 0.03 kwa siku chache. Anataka kututumia fedha ili baba apimwe vipimo vyote vya moyo kila wiki, na ameanza kuulizia wakili.

Shangazi naye ana lake. Ameona weusi kwenye mkono uliochomwa na damu kidogo kwenye fizi baba anapopiga mswaki, na anashikilia kwamba vidonge viwili vya kuyeyusha damu, aspirini na klopidogreli, vimezidi na viachwe. Vidonge vya kolesteroli (atorvastatini miligramu 20) hataki hata kuviona, kwa madai kwamba vinaharibu ini. Baba mwenyewe hana malalamiko, isipokuwa jino la nyuma linalomuuma tangu wiki iliyopita, ambalo tunalituliza kwa diklofenaki ya duka la dawa. Tumeambiwa ling'olewe, na kwamba kabla ya kung'oa aache vidonge vya kuyeyusha damu kwa wiki moja.

Majibu mengine yaliyokuwamo kwenye karatasi ya Dar es Salaam ni HbA1c (kipimo cha kisukari) asilimia 8.2, ambayo imewekewa alama ya kuzidi, LDL (kolesteroli mbaya) 3.1, ambayo haina alama kwa kuwa kikomo chao ni 3.4, na himoglobini 13.4. Barua ya kutoka hospitali inasema kipimo cha umeme wa moyo hakikubadilika baada ya upasuaji.

Je, tuogope nini hapa, na tupime nini kila wiki?

Binti Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, binti yangu, na poleni kwa mashaka mliyoyapata. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla sijaigusa troponini iliyomkosesha kaka yako usingizi, nakuomba ufanye mambo mawili leo hii. La kwanza, diklofenaki iondoke katika dawa za baba. La pili, mtu yeyote asimwachishe aspirini wala klopidogreli, iwe kwa sababu ya jino, ya fizi au ya weusi wa mkononi, mpaka daktari wa moyo anayemhudumia atoe agizo hilo yeye mwenyewe. Katika barua yako yote hayo ndiyo yaliyonishtua, na hakuna hata moja lililoandikwa kwenye karatasi ya maabara.

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kinachobaki ndani ya mshipa maisha yote. Katika miezi ya mwanzo nyuzi za chuma hicho bado hazijafunikwa vizuri na utando wa ndani wa mshipa, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiugusa wavu ulio wazi hushikana na kutengeneza donge. Donge hilo likiziba stenti iliyo kwenye mshipa mkubwa wa kushoto, sehemu kubwa ya msuli wa moyo hukosa damu kwa mara moja, na wengi wanaopatwa na hali hiyo hupata shambulio kubwa la moyo au hufariki. Aspirini na klopidogreli hutolewa pamoja kwa sababu hiyo tu. Kwa mgonjwa aliyewekewa stenti kwa miadi, bila shambulio la moyo, kama baba yako, utaratibu wa kawaida ni kutumia dawa zote mbili kwa takriban miezi 6 na kisha kubaki na moja. Aliyepata shambulio la moyo kwa kawaida hupewa miezi 12, na aliye katika hatari kubwa ya kutokwa na damu hupunguziwa muda huo na daktari wake. Kuacha kwa wiki moja katika mwezi wa kwanza hakumo katika utaratibu wowote ninaoujua.

Jino linalouma na kutunga usaha lishughulikiwe, tena mapema, kwa kuwa maambukizi hayamfai mgonjwa wa kisukari wala mwenye maradhi ya moyo. Jino moja huweza kung'olewa mgonjwa akiwa anaendelea na dawa zote mbili. Daktari wa meno hukandamiza pengo kwa muda mrefu zaidi, hushona fizi inapohitajika, na hupanga kazi hiyo asubuhi ili kuwe na muda wa kumwangalia mgonjwa. Mpelekeni na orodha ya dawa pamoja na barua ya hospitali, na mwombeni daktari huyo azungumze na kliniki ya moyo kabla hajaamua lolote. Kwa maumivu atumie parasetamoli kwa dozi iliyoandikwa kwenye pakiti. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake wote katika kundi hilo humwongezea hatari kwa njia tatu kwa pamoja: hupunguza damu inayofika kwenye figo, huongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu kwa mtu aliye tayari kwenye aspirini na klopidogreli, na zenyewe huongeza hatari ya shambulio la moyo kwa mwenye mishipa mibovu. Ibuprofeni huweza pia kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Ni dawa zinazouzwa kila duka kama peremende, na nadhani hilo limetufanya tuzizoee kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye troponini. Hii ni protini inayokaa ndani ya chembe za msuli wa moyo, na chembe hizo zikijeruhiwa humwagika kwenye damu. Vipimo vya kisasa ni vikali kiasi kwamba hunasa jeraha dogo sana, na upasuaji wa tundu dogo wenyewe una sababu kadhaa za kuleta jeraha la namna hiyo. Puto linapojazwa ndani ya mshipa, damu husimama kwa sekunde kadhaa. Utando wa mafuta uliobana mshipa unapopasuliwa na kusukumwa ukutani, vipande vidogo huweza kuelea hadi kwenye mishipa midogo ya mbele. Stenti ikiwekwa mahali ambapo kijitawi cha mshipa kinaanzia, kijitawi hicho huweza kubanwa. Kwa hiyo ongezeko la troponini siku ya pili ni jambo ambalo sehemu kubwa ya wagonjwa wa aina ya baba yako hulipata, na mshipa mkubwa kama ule, wenye stenti mbili, hutegemewa kuleta ongezeko kuliko mshipa mdogo wenye stenti moja.

Madaktari wa moyo hawakuliacha suala hili hewani. Katika makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2018 kuhusu nini kiitwe shambulio la moyo, walikubaliana kwamba mgonjwa aliyeingia na troponini ya kawaida atahesabiwa kupata shambulio lililotokana na upasuaji huu pale tu namba yake itakapozidi mara 5 ya kikomo cha juu, na tena iwepo dalili nyingine ya moyo kukosa damu: mabadiliko kwenye kipimo cha umeme wa moyo, sehemu ya moyo kuonekana haidundi vizuri kwenye picha, au tatizo lililoonekana kwenye mshipa wakati wa kazi yenyewe. Kikomo cha maabara ile ni 14, na mara 5 yake ni 70. Baba alifika 61, kipimo cha umeme hakikubadilika, na hakuwa na maumivu. Kwa lugha ya makubaliano hayo, alipata jeraha dogo la msuli, na hakupata shambulio la moyo. Kaka yako ana haki ya kuuliza kwa nini hamkuelezwa, kwa sababu mgonjwa anayekabidhiwa karatasi yenye namba iliyopanda karibu mara saba bila neno hata moja amefanyiwa nusu ya huduma. Lakini katika namba hizi sioni kazi ya wakili.

Nitaongeza jambo ambalo huwa halisemwi kwa wagonjwa. Troponini ya kabla ya upasuaji hubashiri mengi kuhusu mustakabali wa mgonjwa kuliko ongezeko dogo la siku inayofuata. Mtu anayeingia akiwa na namba iliyopanda tayari, bila sababu ya haraka, mara nyingi ana moyo uliochoka, figo dhaifu au mishipa mibovu kwa upana zaidi. Baba aliingia na 9, na hiyo ndiyo namba ya kufurahia.

Kuhusu mashine mbovu, hakuna mashine iliyoharibika. Maabara ya kwanza ilipima troponini T na kuiandika kwa nanogramu katika lita moja. Maabara ya Tanga ilipima troponini I, ambayo ni protini nyingine ya kundi hilo hilo, na ikaiandika kwa nanogramu katika mililita moja. Lita ina mililita 1,000, kwa hiyo 0.03 ya Tanga ni sawa na nanogramu 30 katika lita, na kikomo chao cha 0.04 ni 40. Hata baada ya kubadili vipimo hivyo, 61 na 30 haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja na kusomwa kama kushuka, kwa sababu T na I hazilingani namba kwa namba, na hata troponini I za watengenezaji wawili tofauti hazilingani. Kinachoweza kusemwa ni kwamba siku ya tano majibu ya Tanga yalikuwa chini ya kikomo cha mashine ya Tanga, na hilo ni jibu zuri kabisa.

Kreatinini imewatega kwa njia hiyo hiyo. Ile 98 na 119 ni mikromoli katika lita, na ile 1.3 ni miligramu katika desilita. Zidisha 1.3 kwa 88.4 utapata karibu 115. Maana yake ni kwamba mlidhani mna majibu mawili yanayopingana, kumbe figo zilikuwa zimeanza kurudi zilikotoka. Sababu ya kupanda ni dawa ya kuonyesha mishipa, ile inayodungwa ili mshipa uonekane kwenye picha, ambayo hutolewa mwilini kupitia figo na huweza kuzielemea kwa siku kadhaa, hasa kwa mwenye kisukari. Tunaita jeraha la figo pale kreatinini inapoongezeka kwa mikromoli 26.5 au zaidi ndani ya saa 48, au inapofika mara moja na nusu ya ile ya mwanzo. Baba aliongezeka kwa 21. Hakufika huko. Kwa kawaida namba hiyo hurudi karibu na ya mwanzo ndani ya wiki moja au siku 10, ikiwa figo hazikuongezewa mzigo mwingine, na hapo utaona kwa nini diklofenaki imenikera. Kreatinini irudiwe mara moja tu, wiki mbili baada ya kuacha diklofenaki, katika maabara moja ambayo mtaendelea nayo. Vilevile, kama alisimamishiwa metformini, dawa ya kisukari, wakati wa upasuaji, ulizeni iwapo ameruhusiwa kuirudia, kwa sababu agizo la kuacha huandikwa kwa herufi kubwa na la kuanza tena husahaulika.

CRP ina historia ndefu. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia, miaka mingi kabla ya mtu kuifikiria kwa habari ya moyo. Hutengenezwa na ini kila mwili unapokuwa na mwako (kinga ya mwili inapoamka na kuleta uvimbe) au maambukizi, popote pale. Katika maradhi ya mishipa ya moyo ina maana yake: mtu mwenye afya ya kawaida, asiye na homa, akipimwa kwa kipimo chenye ukali wa kutosha, chini ya 1 huhesabiwa hatari ndogo, kati ya 1 na 3 hatari ya wastani, na zaidi ya 3 hatari kubwa. Lakini ikizidi 10, swali la kwanza hubadilika na kuwa kuna maambukizi au jeraha gani mwilini. CRP ni kama kengele ya shule: hulia moto ukiwaka, na hulia hivyo hivyo wakati wa uji. Puto na stenti huumiza ukuta wa mshipa, na CRP hupanda kwa siku mbili hivi kisha ikaanza kushuka, kwa hiyo 12 ya siku ya pili ina maelezo yake. Ile 19 ya siku ya tano, wakati ilipaswa kuwa inashuka, naielekeza kwenye jino. Angekuwa na malaria au kidonda mguuni ningeelekeza huko.

Najua kaka yako, kwa kuwa anasoma sana, atauliza kuhusu dawa za kushusha mwako. Ni swali la maana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo na wenye CRP iliyopanda, ulionyesha kwamba kuzima mwako kwa sindano ya kanakinumabu hupunguza mashambulio bila kugusa kolesteroli, lakini waliochomwa walikufa kwa maambukizi kwa idadi kubwa zaidi, na dawa yenyewe ni ghali mno. Haikuingia katika tiba ya kawaida ya moyo. Kolkisini, dawa ya zamani ya jongo, kwa dozi ndogo ya miligramu 0.5 kwa siku, ilionyesha faida kwa wagonjwa waliotulia katika utafiti wa mwaka 2020, ingawa utafiti mwingine wa mwaka 2024 kwa watu waliotoka kupata shambulio haukuona faida hiyo. Figo zikiwa dhaifu kolkisini huwa sumu kwa urahisi. Msiinunue. Iwapo baadaye, jino likiwa limepona, CRP itabaki juu, daktari wa kliniki ataamua kama kuna haja ya kulizungumza.

Nimebakiza kwa makusudi namba ambayo ninyi hamkuiulizia. LDL ya baba ni 3.1, na karatasi haikuiwekea alama kwa sababu kikomo cha 3.4 kimewekwa kwa ajili ya watu kwa ujumla. Mashine ya maabara haijui kwamba damu iliyowekwa ndani yake ni ya mtu mwenye stenti mbili na kisukari. Kwa mtu wa namna hiyo, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka LDL iwe chini ya milimoli 1.4 katika lita, na tena iwe imeshuka kwa angalau nusu ya ilivyokuwa kabla ya dawa. Kwa kipimo hicho, 3.1 ni zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa. Familia nzima, kuanzia Tanga hadi Muscat, imekesha juu ya namba tatu zilizopanda kwa siku chache, huku ile iliyoziba mshipa kwa miaka ikipita bila kutazamwa.

Kuzibua mshipa huondoa maumivu na humrudishia mtu uwezo wa kutembea, kama unavyoona kwa baba. Kwa mgonjwa aliyetulia, hata hivyo, upasuaji huo peke yake haurefushi maisha kwa jinsi watu wanavyodhani. Utafiti uliofanyika katika nchi 37 kwa wagonjwa 5,179 na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha waliopelekwa mapema kwenye picha na uzibuaji pamoja na dawa, na waliopewa dawa kwanza. Tofauti ya vifo na mashambulio ya moyo kwa ujumla haikuonekana, ingawa waliozibuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya maumivu ya kifua. Pande zote mbili zilitumia dawa za kolesteroli kwa bidii. Stenti hutibu sentimita chache za mshipa mmoja. Mishipa mingine yote ya baba, ya moyo, ya kichwa, ya miguu na ya figo, inalindwa na vidonge ambavyo shangazi hataki kuviona.

Mwambieni shangazi, kwa heshima zote, kwamba hofu ya ini ina majibu yake. Vimeng'enya vya ini hupimwa kabla ya kuanza dawa na tena baada ya wiki kadhaa, na kinachofanya dawa ipunguzwe au isimamishwe ni kupanda zaidi ya mara 3 ya kikomo, jambo linalotokea kwa wachache. Maumivu makali ya misuli nayo yatajwe kliniki. Swali la kumpelekea daktari wa moyo ni kama miligramu 20 zinatosha kwa LDL ya 3.1, kwa sababu wagonjwa wengi wa stenti huanzishiwa 40 au 80, na dozi ndogo isipofikisha lengo huongezwa au huunganishwa na ezetimibi, dawa nyingine ya kolesteroli. Mimi siwezi kubadili dozi kwa barua. LDL ipimwe wiki 6 hivi baada ya dawa kuanza kutumiwa kila siku bila kuruka, na si lazima afunge kula kabla ya kipimo hicho.

HbA1c ya 8.2 nayo inataka kushushwa taratibu, wengi wakilenga chini ya asilimia 7 ikiwa inawezekana bila sukari kuporomoka. Kipimo hiki husimulia sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa hiyo kukipima kila wiki ni kutupa fedha. Kama katika ukoo wenu kuna selimundu, hata kwa wanaobeba kinasaba kimoja tu, mwambieni daktari, kwa sababu aina ya himoglobini huweza kuyapotosha majibu yake.

Weusi wa mkononi, pale katheta, ule mrija mwembamba wa upasuaji, ilipopita, hufifia wenyewe kwa wiki mbili au tatu, na damu kidogo kwenye fizi ni gharama ndogo ya kinga kubwa. Mnunulieni mswaki laini. Yanayotaka hospitali siku hiyo hiyo ni choo cheusi kama lami, kutapika damu, damu ya pua isiyokoma, uvimbe wa mkono unaoongezeka au mkono kuwa wa baridi, na kuumwa kichwa kwa ghafla kuliko kawaida. Picha kamili ya damu irudiwe pamoja na kreatinini, ili himoglobini ya 13.4 iwe na ya kulinganishwa nayo. Kama alipewa dawa ya kulinda tumbo, tazameni jina lake: omeprazoli huweza kuipunguza nguvu klopidogreli, na pantoprazoli haina tatizo hilo kwa kiasi hicho. Likiwa omeprazoli, msiisimamishe. Ulizeni kliniki ibadilishwe.

Troponini haina ratiba. Mtu asiye na maumivu hapimwi troponini kila wiki, kwa sababu jibu lolote litakalotoka halitabadilisha dawa wala kumwongezea usalama, na namba moja inayotikisika kidogo itawarudisha kwenye simu za usiku. Itapimwa siku atakapobanwa na kifua akiwa amepumzika, au maumivu yakidumu zaidi ya dakika 10, au yakija na jasho, kichefuchefu au kukosa pumzi. Na siku hiyo asipelekwe maabara, apelekwe moja kwa moja hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, ambako troponini itachukuliwa na kurudiwa baada ya saa chache ili ionekane kama inapanda. Akiwa na kisukari, maumivu huweza kuwa hafifu au yasiwepo, kwa hiyo kuishiwa pumzi kwa ghafla kuchukuliwe kwa uzito ule ule. Zile karatasi zote zihifadhiwe kwenye bahasha moja na zisindikize mgonjwa, kwa sababu daktari wa zamu atakayemwona atataka kujua namba yake ya kawaida ni ipi.

Fedha za kaka yako zina kazi nyingine nzuri. Atume za atorvastatini na klopidogreli za miezi sita zisikatike hata siku moja, za kipimo cha presha cha nyumbani, za vijiti vya kupimia sukari, za daktari wa meno wiki hii, na za nauli ya kwenda kliniki Dar es Salaam tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Huko mwende na maswali manne: dozi ya atorvastatini, tarehe ya kupima LDL, metformini, na siku ambayo klopidogreli itasimamishwa, na hiyo tarehe ya mwisho iandikwe na daktari kwenye kadi ya baba ili shangazi naye aione.